Majengo ya kale ya Iringa yasipigwe lipu ya saruji: niliyoyaona Ayutthaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji. Hivi karibuni nilihudhuria kikao kilichojadili ukarabati wa jengo moja la zamani hapa mkoani kwetu. Sitalitaja jengo wala wenye jengo, kwa sababu mazungumzo bado yanaendelea na ni watu ninaowaheshimu. Lakini mpango wenyewe lazima niuseme: kubandua lipu yote ya chokaa, kupiga lipu ya saruji ndani na nje, kuweka marumaru sakafuni na dari ya jipsamu, kisha kumalizia kwa rangi ya mafuta ili jengo livutie watalii. Ukumbi mzima uliitikia. Nilinyoosha mkono nikapewa dakika chache, na kabla sijaifikia hoja yangu muda ukaisha. Hoja hiyo ndiyo ninayoileta kwako.

Mimi ni fundi mwashi, mkazi wa Kihesa. Kazi nilijifunza Tosamaganga kwa mzee mmoja ambaye naye alifundishwa na mabruda wa Kiitaliano wa misheni ile. Aliyepita Tosamaganga anajua ninachosema: kuta nene za matofali ya kuchoma, mapaa ya vigae vyekundu, pembe za nyumba ambazo mpaka leo ukizishushia timazi hazijahama. Baada ya hapo nimejenga madarasa, zahanati na nyumba za watu kuanzia Ilula mpaka Mafinga, karibu zote kwa saruji. Kwa hiyo sina ugomvi na saruji. Ugomvi wangu ni pale saruji inapobandikwa juu ya ukuta ambao haukujengwa kwa ajili yake.

Sasa nieleze kwa nini naitaja Thailand. Binti yangu alikwenda Bangkok kusoma shahada ya pili ya afya ya jamii. Alipomaliza aliniita nishuhudie akihitimu, akanilipia tiketi kwa akiba yake mwenyewe. Ya Bangkok nitayapita. Nilimwomba jambo moja tu, anipeleke nikaone majengo ya kale, naye akanipeleka Ayutthaya, kilomita 80 hivi kaskazini, kwa treni ya daraja la tatu yenye madirisha wazi. Ukishuka stesheni unavuka mto Pa Sak kwa kivuko kidogo, na ng'ambo ndiko mji wa kale uliko.

Mji huo ulikuwa makao ya wafalme wa Siam, kama Thailand ilivyoitwa zamani, tangu mwaka 1351 hadi 1767. Mito mitatu, Chao Phraya, Lopburi na Pa Sak, inauzunguka na kuufanya kisiwa, na meli za biashara zilipanda mto kutoka baharini zikafika hadi kwenye kuta zake. Wareno, Waholanzi na Wajapani kila jamii ilikuwa na mtaa wake nje ya kuta. Waajemi nao walikuwepo. Sheikh Ahmad wa Qom, mfanyabiashara aliyepanda hadi kuwa ofisa mkubwa wa mfalme, kaburi lake lipo Ayutthaya hadi leo. Kisha mwaka 1767, baada ya kuuzingira kwa zaidi ya mwaka mmoja, jeshi la Burma liliingia, likapora na kuuchoma moto. Wathai hawakuujenga upya. Mfalme Taksin aliweka makao yake Thonburi, na mwaka 1782 mji mkuu ukawa Bangkok. Tena, matofali mengi ya Ayutthaya yalibomolewa, yakapakiwa majahazini na kuteremshwa mtoni kwenda kujenga kuta za Bangkok. Kinachoonekana leo kimesalimika moto, vita, wezi, na hata mikono ya wenyewe. Tangu 1991 kimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Tulianzia Wat Mahathat, hekalu la karne ya 14. Mnara wake mkuu uliporomoka mwanzoni mwa karne ya 20 na hawakuusimamisha tena. Umebaki msingi mpana wa matofali, ngazi zinazopanda na kuishia hewani, na pembeni minara midogo iliyoinama kwa sababu ardhi ile ni tope la mto na inatitia. Nilizunguka polepole. Fundi akiona ukuta uliopinda mkono unamwasha. Lakini niliona jinsi walivyofanya: wameudhibiti usiendelee kuinama, wakauacha kwenye mwinamo wake. Aliyeutunza anajua kwamba mwinamo huo nao ni sehemu ya habari za jengo.

Kandokando ya kuta zimepangwa sanamu za Buddha zilizoketi, safu ndefu, na nyingi hazina vichwa. Vingine vilianguka katika uvamizi. Vingine vilikatwa miaka mingi baadaye na wezi waliokuwa wakiwauzia wakusanyaji wa vitu vya kale, kwa hiyo kichwa unaweza kukikuta kwenye jumba la makumbusho Ulaya na kiwiliwili kiko Ayutthaya kwenye jua. Kimoja kilibaki. Kimekumbatiwa na mizizi ya mti wa jamii ya mkuyu, uso wa jiwe umetulia katikati ya mizizi, na hakuna aliyekitoa wala aliyeukata mti. Mlinzi anakaa karibu. Mgeni anayetaka kupiga picha na kichwa hicho lazima achuchumae, kichwa chake kisiwe juu ya kichwa cha Buddha. Kijana mmoja alisimama, mlinzi akamfanyia ishara ya mkono, kijana akashuka chini mara moja.

Mhariri, mtu wa Iringa hawezi kusimama pale asiikumbuke Kalenga. Ngome ya Mkwawa, chifu wa Wahehe, ilipigwa kwa mizinga ya Wajerumani na kuanguka tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa mwenyewe alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 asikamatwe hai, na kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofuata Vita Kuu ya Kwanza, katika kifungu cha 246 uliwataka Wajerumani walirudishe fuvu lile, na bado wazee wetu walisubiri hadi 1954 ndipo Gavana Edward Twining alipolileta Kalenga kutoka jumba la makumbusho la Bremen. Sisi hatuhitaji kuelezwa maana ya kiwiliwili kubaki huku na kichwa kuwa ughaibuni. Nilimsimulia binti yangu mambo haya chini ya mti ule, ingawa alishayasikia kwa bibi yake, na tukakaa hapo kitambo.

Nililotaka kusema ni hili: ingekuwa rahisi sana kwa Wathai kufinyanga vichwa vipya na kuvipandikiza juu ya shingo zile. Mafundi wanao, dhahabu wanayo, na sanamu mpya wanazitengeneza kila siku. Wat Mahathat wameziacha shingo zilivyokatwa. Mtoto wa shule akipita anauliza kichwa kiko wapi, na mwalimu analazimika kujibu.

Kutoka hapo tulivuka barabara tukaingia Wat Ratchaburana. Hili lilijengwa mwaka 1424 na mfalme ambaye kaka zake wawili walipigana kwa ajili ya kiti cha enzi, kila mmoja juu ya tembo wake, wakauana wote wawili. Mdogo akapata ufalme, na mahali walipochomewa maiti akajenga hekalu. Mwaka 1957 wezi walichimba chini ya mnara wakakuta chumba cha dhahabu. Sehemu iliyookolewa imo katika jumba la makumbusho la Chao Sam Phraya humo humo mjini. Ngazi za kushukia chumbani ni nyembamba na zimesimama wima. Lakini kilichonishika hapo ni lipu.

Juu ya mnara, mahali ambapo mvua haipigi moja kwa moja, lipu ya zamani ingalipo, na juu yake kuna maua na viumbe vya hadithi zao vilivyofinyangwa kwa mkono na mwiko mdogo. Ni chokaa. Mafundi wa zamani wa Siam walichanganya chokaa na mchanga, wakatia sukari ya miwa au ya mitende, na gundi iliyochemshwa kutoka ngozi za wanyama, ili mchanganyiko ushike na ukauke taratibu. Mvua za kule zinapokuja, zinakuja kwelikweli. Na bado lipu hiyo inashika.

Niliinama kuangalia matofali yenyewe. Ni mapana na bapa kuliko yetu, na ndani yake unaona vitundu vidogo vilivyoachwa na pumba za mpunga zilizochanganywa na udongo zikaungua tanuruni. Wenzetu wa Mbarali wanajua pumba zinavyochoma tanuru. Kule zimekuwa zikiingia ndani ya tofali lenyewe tangu enzi za wafalme. Tofali la namna hiyo, kama matofali yetu ya kuchoma ya misheni na ya enzi ya Wajerumani, si gumu sana. Linanyonya maji na kuyatoa. Chokaa nayo inanyonya na kutoa. Mvua ikinyesha ukuta unalowa, jua likiwaka unakauka, na maji yanayopanda kutoka kwenye msingi yanapata njia ya kutokea kupitia lipu. Saruji haitoi njia hiyo. Ni ngumu kuliko tofali iliyolifunika, haipindi pale ukuta unapotikisika kidogo, na maji yaliyokwisha kuingia kupitia ufa mmoja mwembamba hayatoki tena. Yanabaki kwenye tofali, chumvi iliyomo inaganda ndani yake, na uso wa tofali unakatika vipande nyuma ya lipu ambayo kwa nje inang'aa.

Kila fundi wa Iringa ameiona hali hii, hata kama hakuipa maelezo. Nenda kwenye nyumba yoyote ya zamani iliyopigwa saruji miaka kumi na tano iliyopita, gonga ukuta kwa kifundo cha kidole chini ya dirisha. Unalia uwazi. Bandua, unga mwekundu unamwagika. Tofali limeoza, na kilichokuwa kinashikilia ukuta ni lipu. Mwenye nyumba anaambiwa matofali ya zamani yalikuwa mabovu. Hayakuwa mabovu. Yalikaa miaka themanini yakiwa mazima chini ya chokaa.

Na Ayutthaya nayo ina mfano wake. Ukarabati wa miongo iliyopita ulitumia saruji katika sehemu kadhaa, na kwenye ukuta mmoja nilikiona kiraka cha kijivu kingali kizima, matofali yaliyokizunguka yakiwa yameliwa. Leo kilio cha wataalamu wa urithi kuhusu mji ule ni kwamba kazi ifanywe kwa vifaa vya asili na ujuzi wa asili. Wameshalipia somo hilo. Sioni sababu ya sisi kulilipia upya.

Mahekalu mengine niliyaona kwa haraka. Wat Phra Si Sanphet, hekalu la ndani ya kasri, lina minara mitatu mikubwa iliyopangwa mstari mmoja, na ndani yake yaliwekwa majivu ya wafalme. Hapo palisimama sanamu ya Buddha yenye urefu wa mita 16 iliyofunikwa dhahabu; Waburma waliichoma ili dhahabu iyeyuke waichukue. Wat Chaiwatthanaram, lililojengwa mwaka 1630 ukingoni mwa mto, lilizama katika mafuriko makubwa ya mwaka 2011, na maji yalipoondoka kazi ya kulitengeneza ilichukua miaka, Idara ya Sanaa ya Thailand ikishirikiana na World Monuments Fund, shirika la kimataifa la kuhifadhi majengo ya kale. Pale nilikuta familia nyingi za Wathai wenyewe, wanawake na watoto wamevaa mavazi ya zamani ya kukodi, wanapigana picha mbele ya minara. Wageni tulikuwepo, lakini wenye mji walikuwa wamejaa, na hilo lilinifurahisha kuliko mnara wowote. Hapa kwetu Isimila iko kilomita ishirini tu kutoka mjini, kando ya barabara ya Mbeya, ina zana za mawe za watu wa kale na nguzo za mchanga zilizochongwa na mvua, na wapo majirani zangu wenye wajukuu ambao hawajawahi kushuka kwenye bonde lile.

Nafahamu kuna wasomaji watakaouliza Mkatoliki alikuwa anatafuta nini katika mahekalu ya Wabuddha. Swali hilo niliulizwa na ndugu zangu niliporudi, nami nalijibu hapa hadharani. Nilivua viatu mlangoni kama kila mtu. Nilivaa suruali ndefu na shati la mikono. Nilipokaa chini nilikunja miguu ili nyayo zisielekee sanamu, kwa sababu kwao huo ni utovu wa adabu. Sikusujudu wala kuchoma ubani, na hakuna aliyenitaka nifanye hivyo. Niliketi kimya nikawaombea watu wangu kwa sala zangu. Mgeni mwenye heshima hupokewa vizuri, na mtawa mmoja mzee wa Wat Yai Chai Mongkhon, alipoambiwa na binti yangu kuwa kazi yangu ni uashi, alituonyesha kwa mkono mahali pa kutazama matofali ya zamani.

Hekalu hilo, pamoja na Wat Phanan Choeng lililo kando ya mto, ndiyo yaliyonifungua macho katika jambo ambalo kikao chetu hakikuligusa. Hayo si magofu. Yana watawa, yana waumini wanaokuja na maua ya yungiyungi na karatasi nyembamba za dhahabu za kubandika kwenye sanamu. Wat Phanan Choeng ina Buddha aliyeketi mwenye kimo cha mita 19, aliyetengenezwa mwaka 1324, kabla mji wenyewe haujawa makao ya mfalme. Sanamu ile imepakwa dhahabu upya mara nyingi, na paa lake limetengenezwa mara nyingi. Nguo za rangi ya njano waumini wanazitoa sadaka, zinapandishwa mabegani pa sanamu, kisha zinashushwa juu ya watu walioketi chini. Hakuna anayesema rangi iachwe ichakae eti ni ya kale. Jengo linalotumika lazima litunzwe kama jengo linalotumika. Vilevile jengo la Wihan Phra Mongkhon Bophit, ambalo paa lake liliungua na kuanguka, lilijengwa upya katika miaka ya 1950 juu ya sanamu kubwa ya shaba, na waziri mkuu wa Burma wa wakati huo, U Nu, alitoa mchango wa fedha. Hilo nililisoma mara mbili. Waliouchoma mji walichangia paa.

Kwa hiyo wametenganisha. Pale watu wanaposali, wanajenga, wanapaka, wanabadilisha mbao zilizooza. Pale palipobaki magofu, wanaimarisha tu yasianguke. Kikao chetu kilichanganya hayo mawili, na ndipo ninapoogopa, maana jengo letu lile lina sehemu inayotumika na sehemu iliyokufa. Kwenye sehemu inayotumika sipingi umeme mpya, choo cha ndani, wala njia ya kiti cha magurudumu. Sehemu iliyokufa iachwe na matofali yake, yafukiwe viungo kwa chokaa, na juu ya ukuta zijengwe kozi mbili za matofali za kuzuia maji yasiingie katikati. Basi.

Mtu atasema Thailand ni nchi tajiri. Haya, twende Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, hapa hapa Tanzania. Magofu yale yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, na mwaka 2014 yakaondolewa humo baada ya kazi kubwa ya kuyaimarisha. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na wanakijiji wenyewe walishirikishwa katika kazi. Kama vijana wa Kilwa waliweza kurudi kwenye chokaa, vijana wa Iringa, Njombe na Mbeya wataweza. Mawe ya chokaa tunayo. Kiwanda cha saruji kule Songwe hakikujengwa pale kwa bahati.

Wajumbe wa kikao watasema pia kwamba chokaa inachelewesha kazi. Ni kweli, inachelewesha. Inatakiwa kumwagiwa maji ichemke, iachwe shimoni ikiwa imefunikwa kwa miezi, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini na yenye kushika. Unachanganya sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga mkali uliooshwa, unapiga tabaka jembamba, unaliacha, unarudia. Jua la Septemba likiwaka unatundika magunia mbichi ukutani lisikauke ghafla. Saidia fundi mwenye haraka hafai kwenye kazi hii. Lakini mkandarasi akisema ratiba yake ni miezi mitatu, tumwulize jengo lenyewe limesimama miaka mingapi.

Na kabla ya lipu yoyote, paa. Hela ya marumaru na jipsamu iende kwenye vigae vilivyovunjika, kwenye mifereji ya maji ya paani, na kwenye mtaro wa kuyapeleka mbali na msingi. Mvua zetu zinaanza mwishoni mwa mwaka na hazituachi mpaka Aprili. Ukuta wenye paa zima na msingi mkavu unaweza kusubiri chokaa hata mwaka mzima bila kudhurika. Ukuta unaovujiwa hata ukiupaka nini hauponi.

Kwa wahusika wa jengo lile naomba mambo machache. Msiruhusu lipu ya zamani kubanduliwa yote; acheni angalau upande mmoja wa chumba kama ulivyo, hata kama una madoa. Chukueni kipande cha lipu hiyo mkipeleke maabara ya vifaa vya ujenzi, mjue walichanganya nini. Msiuze matofali yatakayotolewa, maana hapa kwetu tofali la zamani likishaanguka linakuwa mali ya aliyewahi na toroli. Na iteni chuo cha ufundi kilicho karibu kilete vijana, wajifunze kwenye ukuta huo huo, kwa sababu tuliobaki tunaojua kuchezea chokaa ni wazee na magoti yetu hayapandi tena jukwaani kama zamani. Mimi niko tayari kufundisha bila malipo. Ninachohitaji ni shimo, mapipa, na kivuli.

Nina ombi pia kwa wasomaji wako, Ndugu Mhariri. Najua wapo mafundi wenzangu waliofanya kazi katika misheni za zamani, Madibira, Kidugala, Peramiho, Rungwe kwa Wamoravian ambako kazi ilianza mwaka 1891, au waliosimuliwa na baba zao namna chokaa ilivyochomwa na kuchanganywa huko. Kila mahali palikuwa na namna yake. Wengine nimesikia walitia majivu, wengine unga wa matofali yaliyosagwa. Nawasihi waandike kupitia ukurasa huu vipimo walivyovitumia na mahali walipotoa mawe. Kikao cha pili kuhusu jengo lile kitaitishwa baada ya mavuno, na ningependa kwenda nikiwa na maelezo ya mafundi wengi, yaliyoandikwa, na si maneno yangu peke yangu.

Fundi mwashi,
Kihesa, Iringa